Hereni za Msesewe

Mdudu wa kwanza nilimwona mchana wa jua kali, ametulia kwenye shina la msesewe kama mgeni aliyekaribishwa. Alikuwa na urefu wa kucha ya kidole gumba, au kuzidi kidogo. Mgongo wake ulikuwa wa kijani, na ukisogea hatua moja kushoto ile kijani inageuka shaba, ukisogea tena inaingia zambarau. Hakuwa na haraka. Alikuwa akitembea, anasimama, anatembea, kama fundi anayepima.

"Mti wangu umevaa hereni," Bibi alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya chumba chake, anachambua maharage kwenye ungo. "Miaka yote nimeishi nao, leo ndiyo umekumbuka kujipamba."

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Kisha niliingia ndani nikakaa kitandani. Nimesoma miaka mitatu mambo ya wanyamapori, na ndani ya miaka hiyo tulikuwa na muhula mmoja wa wadudu. Mengi yameshatoka kichwani, ila kuna sentensi moja ya mhadhiri wetu ambayo haikutoka: ukimwona mbawakawa wa namna hii amekaa kwenye mti, usimtazame yeye, tazama mti.

Nilijua nikiutazama ule mti nitaona nini. Ndiyo maana nilikaa kitandani.

Msesewe ule Bibi aliuleta mwenyewe kutoka Kilimanjaro, mche mmoja kwenye kopo la mafuta ya kula, alipomfuata Babu aliyekuja kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa hapa Oldeani. Wengine walikuja na magodoro. Yeye alikuja na mche, kwa sababu kwetu mbege, pombe ya ndizi na ulezi, isiyotiwa magome ya msesewe ni uji tu, haina uchungu, na mtu haiti jirani kuja kunywa uji. Aliupanda karibu na mfereji. Nyumba ikajengwa, watoto wakazaliwa, na mti ukakua mpaka tawi lake kubwa likapita juu ya bati la chumba anacholala.

Kina mama wanaopika mbege Karatu mjini wote waliujua. Kukiwa na harusi au kipaimara walikuja kubandua magome, na Bibi hakumnyima mtu. Lakini alikuwa na masharti. Mtu abandue upande wa mawio tu. Atumie kisu kidogo, si panga. Ukanda usizidi upana wa kiganja. Akimaliza apake kidonda mavi mabichi ya ng'ombe. Upande wa machweo haukuguswa. "Huo ni wa mti wenyewe," alikuwa akisema, na hakuongeza neno.

Mwaka wa pili wa chuo, likizo ndefu, Bibi aliteleza akavunjika nyonga, akalazwa. Mimi nikaachiwa nyumba. Siku moja akaja mama mmoja mpika mbege na vijana wake wawili na magunia. Kulikuwa na harusi kubwa. Nikauangalia ule upande wa mawio, makovu juu ya makovu, mavi yamekauka na kupasuka, nikausikitikia kama mtu aliyesoma anavyosikitika.

"Bandueni upande wa pili," niliwaambia. "Huu upumzike."

Yule mama alisita. "Bibi yako si anakataza?"

"Ni imani tu hiyo, mama."

Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko jina langu. Ni imani tu hiyo. Walibandua kwa panga, wakajaza magunia mawili, wakanishukuru, na mimi nikapaka mavi vizuri kabisa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba vidonda vya upande wa mawio vilikuwa vimetambaa chini ya yale mavi, vikazunguka shina kuliko macho yalivyoona. Gome zima lililobaki ni lile la machweo. Ndilo lililokuwa likishusha chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Sharti la Bibi lilikuwa na maana moja nyepesi: nusu ya mti iachwe hai. Mimi nikaikata nusu hiyo kwa huruma.

Aliporudi kutoka hospitali alikuwa anatembea kwa mkongojo. Nyuma ya mti ardhi inateremka kuelekea mfereji, na mguu wake haukuuweza tena ule mteremko. Hakuwahi kwenda kuangalia. Mimi nilirudi chuoni, nikamaliza, nikahitimu, nikaanza kutuma maombi ya kazi ambayo hayajibiwi, nikarudi Oldeani. Majani ya mti yalikuwa bado ya kijani, kwa hiyo nikajiambia nimeogopa bure. Mti mkubwa huchukua muda kujua kwamba umekufa.

Ndipo zikaja hereni.

Nilianza kuamka na kuzunguka nyuma ya mti kabla Bibi hajatoka. Niligonga shina kwa jiwe nikasikiliza. Sehemu nyingine ilijibu kama mlango, nyingine kama debe. Niliona matundu madogo ya umbo la yai, mengi upande wa nyumba, na chini yake unga laini wa mti. Mbawakawa huyu haui mti wenye afya. Anatafuta ulioanza kudhoofika, anataga kwenye nyufa za gome, na funza wake wanakula kwa ndani, gizani, bila sauti. Yule mzuri unayemwona juani ndiye aliyemaliza kula.

Nilimwambia baba mdogo. Yeye ni dereva wa watalii, anapandisha gari kreta kila siku msimu ukichanganya, na ndiye mwenye kauli nyumbani kwa mambo ya kukata na kujenga.

"Baba mdogo, ule msesewe unaumwa. Unaweza kuanguka."

Alikuwa anaosha vumbi jekundu kwenye matairi. Hakugeuka. "Profesa. Juzi ilikuwa mtungi wa gesi."

"Ulikuwa unavuja."

"Ulikuwa unavuja? Tulipika nje siku mbili, fundi akaja akasema ni harufu ya kabichi. Kabla ya hapo ule ufa wa ukuta, ukasema ni tetemeko. Kabla ya hapo paka."

"Paka alikuwa anatoa mate."

"Alikuwa amekula panya mwenye sumu, akapona, amezaa." Aligeuka sasa, akacheka, si kwa ubaya. "Mti una majani, mwanangu. Mti wenye majani nikaombe kibali cha kuukata, mtendaji wa kijiji ataniuliza kwa nini. Nimwambie binti yetu ameota?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Ningesema nilichofanya, angeacha kucheka. Lakini kusema kwamba mti unakufa ilikuwa rahisi, na kusema aliyeuua ilikuwa kitu kingine. Nilisema, "Angalau Bibi ahame chumba." Akasema, "Umwambie wewe." Sote wawili tulijua Bibi hahamishwi.

Siku zile akili yangu ilikuwa haipumziki. Nilipima kwa hatua kutoka kwenye shina mpaka kitandani kwake: saba. Upepo wa mchana ukivuma kutoka msituni, mashuka kwenye kamba yakijaa, nilitoka nje na kusimama chini ya tawi, kana kwamba ningeweza kulidaka.

Bibi aliendelea kufurahia. Akimwona mbawakawa amekufa chini alimwokota na kumweka kwenye sahani ya kikombe dirishani. Wiki zilipita, na wale wafu waling'aa vilevile. Hilo lilimshangaza. Nilimweleza kwamba rangi ile si rangi kama ya kitambaa. Ni ngozi ya mgongo imepangwa tabaka juu ya tabaka, nyembamba sana, inavunja mwanga wa jua na kurudisha kijani. Kwa hiyo kifo hakiibadilishi.

"Basi huyu ndiye wa baraka," alisema. "Si kama wale wa mfereji."

Wale wa mfereji ni vimulimuli. Nilipokuwa mdogo walikuwa wengi, mvua zikianza, wakiwaka na kuzima juu ya nyasi jioni saa moja, na Bibi alikuwa akitufokea tukiwakimbiza. Alilelewa hivyo. Bibi yake aliwahi kumwona mmoja ndani ya nyumba, na wiki hiyohiyo nyumba ile ikatoa maiti. Kimulimuli, alisema, ni taa ya anayetafuta mtu. Nje anapita. Akiingia ndani amefika.

Sikuwa na mdudu ninayempenda zaidi ya huyo. Kimulimuli hana ubaya hata wa kukosea. Akiwa mtoto anakula konokono kwenye majani mabichi. Akiwa mkubwa anabaki na siku chache, na ile taa tumboni anaiwasha mwenyewe, baridi, haiunguzi kitu, ili mwenzake kwenye nyasi amjibu. Akifa, taa inakwisha, anabaki kipande cha kahawia ambacho huwezi kukitofautisha na takataka. Hana mng'ao wa kuazima. Mahali alipo, ujue pana maji na udongo haujawekwa sumu. Na mwenzake wa mchana, yule anayeng'aa mpaka baada ya kufa, mahali alipo ujue kuna kitu kinaliwa. Bibi alikuwa amewabadilishia nafasi. Mwenye heri alimwogopa, na mwenye shari alimweka dirishani, kichwani pa kitanda chake.

Ndipo nikapata wazo, na nasema kweli, nililiona ni wazo zuri. Kama Bibi anaogopa kimulimuli akiingia chumbani, basi aingie. Atahama mwenyewe usiku uleule, na mimi sitalazimika kusema lolote kuhusu mti.

Jioni moja ya mvua za kwanza nilishuka mferejini na chupa tupu ya siagi ya karanga. Walikuwa wachache kuliko wa utotoni. Nilihangaika mpaka miguu ikafa ganzi. Nilihesabu kumi na mmoja. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu mimi nahesabu kila kitu mara mbili. Bibi alikuwa jikoni anaota moto. Niliingia chumbani kwake, nikafungua chupa, nikafunga mlango.

Baadaye nikamsikia anaingia kulala. Nikasubiri ukelele. Nilikuwa nimeshatandika kitanda changu tayari, nimesogea ukutani kumpisha.

Hakupiga kelele. Nilipochungulia alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mkongojo magotini, ametulia kabisa. Taa ya umeme ilikuwa imezimwa. Wale wadudu walikuwa wanawaka na kuzima kwenye neti, kwenye pazia, juu ya sahani ya hereni zake.

"Wamefika," alisema.

"Bibi, njoo ulale kwangu."

"Kwako kufanya nini? Mtu akitafutwa asihamehame. Atawasumbua."

Asubuhi aliniagiza nitoe kwenye sanduku gauni lake jeupe na kitenge kipya, nivianike. Nilijua ni vya nini. Alituonyesha tulipokuwa watoto. Alimwomba baba mdogo amwite mchungaji aje na chakula cha Bwana. Chai hakunywa. Mchana alikula vijiko viwili vya mtori, akasema vinatosha, safari haihitaji tumbo zito. Baba mdogo alifuta safari ya kreta, akakaa sebuleni akiwa ameshika funguo za gari mkononi bila kwenda popote.

"Anaumwa nini?" aliniuliza. "Wewe uliyesoma, anaumwa nini?"

Kwa mara ya kwanza alikuwa ananiuliza kwa dhati.

Siku ya pili Bibi alikunywa maji tu. Alilala chali, mikono juu ya shuka, anatazama bati. Juu ya bati lile tawi. Nilikuwa nimetaka kumtoa chini ya mti, na nilikuwa nimempigilia hapohapo. Nje, juani, mbawakawa wapya walikuwa wanatoka.

Siku ya tatu asubuhi nilikwenda kwenye uzio wa masale kando ya njia, nikachuma jani moja refu, nikalifunga fundo. Kwetu mtu anayeletewa jani la sale ameombwa msamaha na hawezi kukataa kusikiliza, hata kama aliyekuja ni adui. Kwa sababu hiyo halitumiwi kwa mambo madogo. Nilikuwa sijawahi kulishika kwa kazi hiyo. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwekea mkononi.

Alilipapasa, akalikuta fundo. Akageuza kichwa.

"Umeua nini?"

"Mti, Bibi."

Nikamwambia yote. Harusi, magunia, upande wa machweo, na yale maneno yangu. Nikamwambia hereni si hereni. Nikamwambia shina linajibu kama debe. Hakuniangalia, aliangalia lile jani. Nilipofika kwenye vimulimuli ikabidi nianze tena.

"Niliwaweka mimi. Kwenye chupa ya siagi ya karanga. Hakuna anayekutafuta, Bibi. Nilitaka uhame tu."

Jikoni baba mdogo aliangusha sufuria.

"Uliweka wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Nilihesabu kumi na wawili," alisema.

Nikafungua mdomo nimweleze: huenda nilikosea, huenda mmoja alipitia dirishani akiufuata mwanga wa wenzake, ndivyo wanavyofanya. Alinyanyua kidole nikanyamaza.

"Niinue," alisema. "Nikauone."

Tulimshika huku na huku, mimi na baba mdogo, tukamteremsha nyuma ya mti hatua kwa hatua. Alisimama mbele ya kile kidonda kipana cha machweo, gome limejikunja pembeni kama karatasi iliyoungua. Alikigusa. Alichomeka kidole kwenye tundu moja, akatoa unga, akaunusa.

"Panga," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Ulisema ni imani."

"Ndiyo."

Aliomba chai. Usiku ule alilala kwenye kitanda changu, mimi kwenye mkeka, na baba mdogo hakuniita Profesa. Kesho yake alikwenda kwa mtendaji.

Kibali kilichukua siku kumi na sita. Fundi wa msumeno wa chenso alikuja na kamba na wenzake wawili, wakalivuta tawi lishuke upande wa mfereji. Lilipokatika hapakuwa na ile sauti ya mti kupasuka. Lilitoa mlio kama wa mkate mkavu. Fundi aliingiza mkono kwenye shina, upande ule wa nyumba, ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Akautoa umejaa unga uliolowa.

"Hapa kuna mtu alikuwa analala?" aliuliza, akionyesha bati kwa kidevu.

"Mama yangu," alisema baba mdogo.

Fundi alijipangusa mkono kwenye suruali. Akavuta kamba ya mashine.

Upande wa pili wa shina, hata hivyo, ulikuwa na mbao. Si nyingi. Bibi aliagiza zipasuliwe, zipangwe stoo zikauke.

"Za nini, mama?" baba mdogo aliuliza, ingawa alijua.

"Nilikuja nao kwenye kopo," alisema Bibi. "Niondoke nao."

Zipo hapo sasa, mbao tisa za jeneza lake, zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Stoo imepakana na chumba changu. Bibi anakula, ananenepa, anagombana na redio. Vimulimuli bado wapo mferejini, wachache, na Bibi hafungi tena pazia kabla ya saa moja. Anakaa kwenye kigoda anawaangalia, na mara nyingine midomo yake inacheza, na najua anahesabu.

Mimi nilikuwa sijui kama nimwambie jambo la mwisho, na kwa kuwa nimeshaona kunyamaza kwangu kunafanya nini, nilimwambia. Nilimwambia kwamba funza wa wale mbawakawa hawafi mti ukikatwa. Wanaweza kubaki ndani ya mbao kavu, wakila polepole, na siku moja anatoka mmoja, wa kijani, kwenye meza au kwenye kiti, hata baada ya miaka. Nilimwambia pia kwamba jana yake nilikuta tundu jipya kwenye ubao wa tatu.

Bibi alifikiri.

"Basi zisubiri," alisema. "Siwezi kulala na wapangaji. Watoke wote kwanza, ndipo na mimi nitoke."

Alisema kwa mzaha, baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Lakini Bibi ni mtu wa kushika neno lake. Kwa hiyo kila mchana, jua likiwa kali kama wanavyolipenda, naingia stoo na kuzipitia mbao tisa kwa vidole, pande zote, nikiomba nisikute tundu lingine. Leo nimekuta la nne. Unga wake ulikuwa bado na joto la jua la dirishani, na juu ya dirisha, akitafuta pa kutokea, alikuwepo mwenyewe, anang'aa.

Nilifunga dirisha. Nikasimama hapo muda, nikiwa sijui namzuia nani.